Kuhifadhi Mashua Nchi Kavu: Jinsi ya Kuilinda Kabini na Unyevu

Utangulizi

Masika inapokaribia, mashua nyingi za pwani ya Afrika Mashariki hupandishwa nchi kavu. Baadhi yake hungoja mvua na pepo za kusi zipungue. Nyingine hungoja vipuri vya injini, au zamu ya fundi, au fedha za matengenezo. Kipindi hicho huweza kuwa cha miezi miwili, na mara nyingine huwa cha mwaka mzima. Mwenye chombo hufunga madirisha yote, hutia kufuli mlangoni, hutandaza turubai juu ya sitaha, kisha huenda zake akiamini kwamba amekiacha chombo salama. Siku ya kurudi, mlango unapofunguliwa, hupokewa na uvundo. Magodoro yamefanya madoa meusi, kamba zimelowa ingawa hazikuguswa na mvua, misumari imetoa michirizi ya kutu, na vichwa vya nyaya za umeme vimegeuka rangi ya kijani.

Mtu aweza kuyachukulia mambo hayo kuwa ni uchafu tu, utakaoondoka kwa sabuni na jua la siku mbili. Lakini nyaya zilizoliwa namna hiyo hukatika usiku, chombo kikiwa katikati ya mkondo, wakati taa na pampu zinahitajiwa. Jaketi za kuokolea zilizooza mishono hazimshikilii mtu majini. Fataki za ishara zilizopata unyevu hukataa kuwaka. Ubao uliooza chini ya rangi nzuri huonekana mzima mpaka siku unapopigwa na wimbi. Kwa hiyo ukavu wa kabini, yaani chumba cha ndani cha mashua, ni sehemu ya usalama wa watu watakaokipanda chombo hicho, wala si suala la unadhifu peke yake.

Makala haya yanakusudia kueleza unyevu huo hutoka wapi, hufanya kazi gani ndani ya kabini, na huzuiliwa vipi kwa vifaa vinavyopatikana kwetu. Hoja yetu kuu ni hii: mahali pasipo na umeme wa kuendesha mashine za kukausha hewa, kabini haikaushwi kwa kufungwa. Hukaushwa kwa kuoshwa chumvi, kuondolewa maji yaliyosalia, na kuachiwa hewa ipite.

Maji yaliyomo hewani

Hewa yote tunayovuta ina maji ndani yake, katika hali ya mvuke usioonekana kwa macho. Kiasi cha mvuke ambacho hewa yaweza kuchukua hutegemea joto lake: kadiri joto linavyopanda ndivyo hewa inavyoweza kuchukua mvuke mwingi zaidi. Meta moja ya ujazo ya hewa yaweza kuchukua, kwa makadirio ya karibu, viasi vifuatavyo:

Nyuzi 20 za Selsiasi: gramu 17
Nyuzi 24: gramu 22
Nyuzi 28: gramu 27
Nyuzi 32: gramu 34

Hewa iliyochukua kiasi chote inachoweza kuchukua husemwa kuwa imeshiba, na unyevu wake ni asilimia 100. Ikiwa imechukua nusu tu ya kiasi hicho, unyevu wake ni asilimia 50. Ni muhimu msomaji aitambue maana ya asilimia hiyo. Haituelezi kuna gramu ngapi za maji hewani. Inatueleza hewa iko karibu kiasi gani na kushiba. Hewa ile ile, ikipata joto, asilimia yake hushuka. Ikipoa, asilimia yake hupanda, ijapokuwa hakuna hata tone moja lililoongezwa wala kupunguzwa.

Tuchukue mfano wa siku ya kawaida wakati wa masika. Joto ni nyuzi 28 na unyevu ni asilimia 80. Kila meta moja ya ujazo ina gramu 22 hivi za mvuke. Tukiitazama orodha yetu tena tutaona kwamba gramu 22 ndicho kiasi kinachoshibisha hewa yenye joto la nyuzi 24. Maana yake ni kwamba hewa hiyo ikigusa kitu chochote chenye joto la chini ya nyuzi 24, sehemu ya mvuke wake itageuka matone. Joto hilo ambalo matone huanzia huitwa kiwango cha umande. Hapa kwetu hewa ya mchana na kiwango cha umande hutenganishwa na nyuzi nne tu.

Sasa tutazame yanayotokea usiku. Paa la kabini lililo wazi chini ya mbingu isiyo na mawingu hutoa joto lake kuelekea angani usiku kucha, likapoa kuliko hata hewa inayolizunguka. Ni sababu hiyo hiyo inayofanya majani yalowe umande alfajiri bila mvua kunyesha. Hewa ya ndani ya kabini, iliyo na joto na mvuke wa mchana, hugusa upande wa chini wa paa hilo, nayo huacha matone. Mwenye mashua akiyaona asubuhi hudhani paa linavuja. Aweza kuliziba na kulipaka rangi mara tatu na matone yasikome, kwa kuwa maji hayo hayakupita katika ubao wala bati. Yaliletwa na hewa yenyewe.

Njia tatu za maji kuingia

Maji huingia katika kabini iliyohifadhiwa kwa njia tatu, na kila moja ina dawa yake. Anayezichanganya hupoteza nguvu zake bure.

Njia ya kwanza ni mvua. Jiji la Dar es Salaam hupata takriban milimita 1,100 za mvua kwa mwaka, na karibu nusu yake hunyesha kati ya Machi na Mei. Kila milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila meta moja ya mraba. Basi sitaha yenye meta 10 za mraba, ikinyeshewa milimita 50 kwa siku moja, hupokea lita 500. Ufa mwembamba kama uzi, uliopo chini ya kidimbwi cha maji hayo, hupitisha mengi kabla ya jioni.

Njia ya pili ni ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya chombo ambamo maji hukusanyika. Watu wengi hupiga pampu mpaka isikike ikivuta hewa, wakasema ngama imekauka. Sivyo. Yasiyofikiwa na pampu hubaki baina ya mataruma, nayo yanatosha kuharibu kila kitu. Kabini yenye meta 10 za ujazo, iliyo katika joto la nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80, huhitaji gramu 54 tu za maji ili hewa yake ishibe kabisa. Hivyo ni vijiko vinne vya mezani.

Njia ya tatu ni hewa, ambayo tumekwisha kuieleza. Tuongeze jambo moja tu. Kabini ya mashua si chupa yenye kizibo. Hata ikifungwa madirisha yote, hewa huingia na kutoka kwenye nyufa za mlango, mabomba na matundu ya nyaya. Mchana joto huitanua hewa ya ndani, ikatoka. Usiku baridi huisinyaza, na hewa mpya yenye mvuke ikaingia. Mashua iliyofungwa hivyo huvuta pumzi mara moja kila siku, na kila pumzi huleta maji.

Chumvi, mshirika wa unyevu

Kila mpishi wa pwani anajua kwamba chumvi huloa katika kopo wakati wa masika. Chumvi safi ya jikoni huanza kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa unapozidi asilimia 75 hivi. Lakini chumvi ya bahari haiko peke yake. Ina kloridi ya magnesi pia, ambayo huvuta maji kutoka hewani hata unyevu ukiwa asilimia 33 tu. Hewa ya pwani yetu haishuki kufikia kiwango hicho. Kwa sababu hiyo kitambaa kilichoroweshwa na maji ya bahari, hata kikianikwa juani kutwa nzima, usiku huloa tena. Kadhalika godoro, kamba, zulia na mbao za ndani zilizorushiwa maji ya chumvi. Mtu aweza kuzianika mwezi mzima asifanikiwe, kwa sababu anaondoa maji na kuacha kitu kinachoyaita maji.

Katika chuma madhara yake ni makubwa zaidi. Tunao mfano mashuhuri katika mji wa Bristol, Uingereza, ambako imehifadhiwa meli ya chuma iitwayo Great Britain, iliyoshushwa majini mwaka 1843. Wataalamu waligundua kwamba chuma chake kilikuwa kimekunywa chumvi nyingi kwa miaka mingi, hata kutu ikaendelea kukila ijapokuwa meli ilikuwa imekwisha kutolewa baharini. Tangu mwaka 2005 sehemu yake ya chini imezungushiwa kioo na mashine hukausha hewa ya humo mpaka unyevu wa asilimia 20, kama hewa ya jangwani, ili kutu isimame. Sisi hatuna uwezo wa kuifanya pwani yetu kuwa jangwa kwa ajili ya kila mashua. Tunachoweza ni kuosha chumvi kwa maji baridi, yaani maji yasiyo ya chumvi, kabla haijapenya.

Kuvu na ubao

Madoa meusi na meupe yanayoota juu ya nguo na ngozi ni kuvu. Mbegu zake ni ndogo mno, zimo hewani kila mahali, na hakuna awezaye kuzifungia nje. Zinachongoja ni unyevu. Unyevu unapokaa juu ya asilimia 70 au 80 kwa siku kadhaa, nyingi huota. Unapokuwa chini ya asilimia 65 hulala. Chakula chake ni pamba, ngozi, gundi, vumbi, makombo na mafuta yaliyoachwa na mikono ya watu. Kabini iliyooshwa kwa sabuni kwa hiyo huchelewa kuota kuvu kuliko kabini chafu, ingawa hewa yake ni moja. Mtu mwenye pumu asipewe kazi ya kusugua kuvu hilo, na mwenye afya ajifunge kitambaa puani, kwani mbegu hizo hudhuru mapafu.

Kuvu wanaoozesha ubao ni wa jamii nyingine. Hao huhitaji ubao wenyewe uwe na maji yanayozidi asilimia 20 hivi ya uzito wake mkavu. Ubao ulio katika hewa yenye unyevu wa asilimia 80 huchukua maji ya asilimia 16 tu; bado uko salama. Kinachouvusha mpaka huo ni maji yenyewe: mvua inayopenya, matone ya umande, au ngama iliyosahauliwa. Hapa inafaa kukumbuka jambo ambalo mabaharia wa jahazi walilifahamu tangu zamani. Maji ya mvua ni adui mkubwa wa ubao kuliko maji ya bahari, kwa sababu kuvu wa kuozesha hawapendi chumvi. Aghalabu mashua ya mbao huanza kuoza juu, kwenye pembe za kabini na chini ya sitaha, ilhali mbao zinazokaa majini bado ni ngumu.

Msomaji aweza kuuliza: ikiwa chumvi hulinda ubao, mbona tumeshauri ioshwe? Jibu ni kwamba kila mahali pana haja yake. Upande wa nje wa mashua ya mbao waweza kumwagiwa maji ya bahari bila madhara. Tena humwagiwa ili mbao zisisinyae zikafungua kalafati. Ndani ya kabini, mlimo na vitambaa, chuma na nyaya, chumvi haina kazi njema ya kufanya.

Fundisho la historia

Tatizo hili si geni. Mwaka 1677 Bunge la Uingereza liliidhinisha kujengwa kwa manowari mpya 30. Samuel Pepys, aliyekuwa mtawala wa shughuli za jeshi la maji, aliondolewa katika kazi hiyo mwaka 1679. Aliporejea mwaka 1684 alizikuta nyingi za manowari hizo zinaoza zikiwa zimefungwa bandarini, baadhi yake kabla ya kusafiri hata mara moja. Katika kumbukumbu zake alizozichapisha mwaka 1690 aliandika kwamba aliwahi kuchuma kwa mikono yake mwenyewe, ndani ya manowari hizo, uyoga wenye ukubwa wa ngumi zake. Sababu alizozitaja ni zile zile tunazozijadili hapa: matumbo ya meli hayakusafishwa, na milango ya sitaha haikufunguliwa ili hewa ipite.

Meli hizo hazikuharibiwa na adui wala na dhoruba. Ziliharibiwa na kufungwa. Katika karne iliyofuata, mtaalamu Stephen Hales alitengeneza mivukuto mikubwa ya kusukuma hewa safi ndani ya meli. Tangu hapo kupitisha hewa kukawa ni jambo la sayansi ya meli.

Kufunga au kufungua?

Kuna njia mbili zilizo sahihi. Ya kwanza ni kuziba kabini kabisa, kila ufa na kila tundu, kisha kukausha hewa ya ndani kwa mashine mchana na usiku. Njia hii hufaa penye umeme usiokatika na fedha za kuulipia. Ya pili ni kuifungua kabini ili hewa ipite daima. Njia mbaya ni ya katikati: kufunga nusunusu, bila mashine. Hewa huingia na mvuke wake kupitia nyufa, lakini haina nguvu ya kutoka nao.

Wengine hutumaini dawa za kunyonya unyevu. Hebu tufanye hesabu. Kabini yetu ya meta 10 za ujazo ina gramu 220 hivi za mvuke. Ikiwa hewa yake hubadilika mara kumi kwa siku kupitia nyufa, basi zaidi ya lita mbili za maji hupita humo kila siku kwa sura ya mvuke. Kilo moja ya silika jeli, ile inayowekwa katika vifuko vidogo ndani ya masanduku ya vifaa, hunyonya maji yasiyozidi theluthi ya uzito wake, yaani gramu 300 na kitu. Itashiba mapema, kisha itakaa bure. Mahali pake hasa ni ndani ya kopo au sanduku lisilopitisha hewa, pamoja na dira, redio na fataki za ishara. Humo hufanya kazi kwa miezi, na ikishiba hukaushwa kwa joto la nyuzi 120 hivi ikatumika tena. Chokaa isiyozimwa pia hunyonya maji, lakini ikilowa hutoa joto kali la kuweza kuwasha moto. Isiwekwe chomboni kamwe.

Vitabu vingi vya mashua vimeandikwa katika nchi za baridi, navyo hushauri kabini itiwe joto. Huko shauri hilo lina maana: hewa ya nje yenye nyuzi 5 ina mvuke mchache, na ikipashwa moto mpaka nyuzi 15 unyevu wake hushuka kwa karibu nusu. Hapa kwetu hewa ya nje tayari ina joto na mvuke mwingi. Hata hivyo kanuni ni ile ile, nasi tunao moto wa bure. Jua likiipasha hewa ya kabini kutoka nyuzi 28 mpaka 33, unyevu wake hushuka kutoka asilimia 80 mpaka 61 hivi. Hapo huyanyonya maji ya mbao na magodoro. Lakini hewa hiyo iliyonyonya maji ni lazima itoke kabla ya usiku. Isipotoka, itayarudisha yote kama matone.

Hatua za kazi

1. Osha. Osha kabini nzima kwa maji baridi na sabuni, ndani ya makabati na chini ya vitanda, kisha suuza. Magodoro, kamba na jaketi za kuokolea ziloweshwe katika maji baridi na kuanikwa. Ukilamba ncha ya kidole kilichogusa ubao na ukasikia chumvi, kazi haijakwisha.

2. Toa. Ondoa vitambaa, vitabu, vyakula, betri na redio. Vyote vinavyoweza kuhifadhiwa nyumbani vihifadhiwe nyumbani.

3. Kausha ngama. Inua mbao za sakafu, kausha kwa matambara mpaka mkono usilowe, na uziache mbao hizo zimeinuliwa.

4. Keti chombo vizuri. Kiwekwe juu ya magogo au matofali imara, mbali na udongo wenye mchwa, omo ikiinuliwa kidogo ili maji yateremke tezi. Kizibo cha tundu la kutolea maji kiondolewe na kufungwa kwa uzi mahali kitakapoonekana, kisije kikasahauliwa siku ya kushusha.

5. Jenga kivuli. Banda la makuti lililo wazi pande zote ni kinga bora, na wazee wa pwani hawakukosea kulichagua. Huzuia mvua, huzuia jua lisipasue mbao, huzuia paa la kabini lisipoe usiku chini ya mbingu, wala haliizuii hewa. Ikiwa hakuna banda, turubai litandazwe juu ya mti mrefu uliolazwa kutoka omo hadi tezi, lisiguse sitaha, na ncha zake mbili ziachwe wazi. Turubai lililolazwa juu ya paa lenyewe hufunga unyevu kama kifuniko cha chungu.

6. Fungua matundu mawili. Tundu moja halitoshi, maana hewa haiingii mahali ambapo haina pa kutokea. Liwepo moja chini, upande unaovuma upepo, na jingine juu, upande wa pili. Hewa ya joto hupanda. Na hewa yenye mvuke, kinyume cha dhana ya wengi, ni nyepesi kuliko hewa kavu. Zote mbili hutafuta njia ya juu. Kila tundu liwe si dogo kuliko kiganja kilichokunjuliwa, likingwe na mvua, na lizibwe kwa wavu wa kuzuia panya na nyigu.

7. Achanisha. Fungua milango yote ya makabati na saraka. Simamisha magodoro kwa ubavu. Kitu chochote kisiegemezwe kwenye ukuta wa nje bila nafasi ya vidole viwili.

8. Tembelea. Mara moja kwa juma, siku isiyo na mvua, fungua milango na madirisha yote kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri, wakati unyevu wa hewa uko chini. Kisha funga madirisha, lakini usizibe yale matundu mawili.

Makosa yanayoua

Tumeacha kwa makusudi jambo zito kuliko yote lisimame peke yake. Usikaushe kabini kwa jiko la mkaa. Mkaa unaowaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mtu huona usingizi, akalala, asiamke. Kabini ni ndogo kuliko chumba cha nyumba, na hatari yake ni kubwa zaidi.

Taa au jiko la mafuta ya taa lina hatari hiyo hiyo, tena halikaushi. Lita moja ya mafuta ya taa ikiungua hutoa zaidi kidogo ya lita moja ya maji kwa sura ya mvuke. Anayewasha taa ya mafuta ili akaushe kabini iliyofungwa ni sawa na anayemimina maji ndani yake.

Mwisho, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, nao hulala ngamani. Katika mashua yenye injini ya petroli iliyofungwa muda mrefu, fungua kila kitu na uache hewa ipite kwanza. Usiguse swichi yoyote wala kuwasha kiberiti kabla ya hapo. Tena mtu asiingie peke yake katika tumbo la chombo cha chuma kilichofungwa kwa miezi, kwa kuwa kutu hula oksijeni ya hewa na huweza kuacha isiyotosha kumweka mtu hai.

Jaribio la kufanya mwenyewe

Asiye na kipima unyevu aweke ndani ya kabini kisahani cha chumvi safi na kavu ya jikoni, mbali na tundu la hewa, akitazame kila juma. Chumvi ikibaki inatiririka kama mchanga, hewa ya humo iko chini ya asilimia 75 hivi. Ikishikamana, unyevu unapanda. Ikitoa maji, kuvu wamekwisha kupata wanachokingoja, na njia ya hewa haina budi kuongezwa.

Aliye nacho aweza kukihakikisha kwa chumvi hiyo hiyo. Tia maji kidogo katika chumvi mpaka iwe kama uji mzito, iweke pamoja na kipimo katika chupa pana yenye kifuniko, uache kwa siku nzima kivulini. Kipimo kisome karibu na asilimia 75. Kikisoma 68, basi kinapunguza saba. Kumbuka kuziongeza kila unaposoma karibu na kiwango hicho.

Maswali ya kujipima

1. Hewa ya kabini ina joto la nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 65. Kwa kutumia orodha iliyotolewa, ina gramu ngapi za mvuke kwa kila meta moja ya ujazo? Paa likipoa mpaka nyuzi 24, je, hewa hiyo imekaribia kutoa matone?

2. Mashua mbili zimehifadhiwa ufuoni. Moja imefunikwa turubai lililobana sitaha. Nyingine iko chini ya banda la makuti. Eleza tofauti ya joto la mapaa yao saa kumi za usiku, na matokeo yake.

3. Kwa nini magodoro yaliyoloweshwa na maji ya bahari hayana budi kuoshwa kwa maji baridi kabla ya kuanikwa?

4. Itazame mashua unayoijua. Onyesha hewa huingilia wapi na hutokea wapi. Ikiwa huwezi kuonyesha mahali pa kutokea, ni tundu gani utakalolifungua kabla ya masika ijayo?